Kuku Aliyevuka kwa Jina la Mama

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuku. Kuku mweupe, kafungwa kitambaa kichwani kama mama anayekwenda sokoni, amesimama kando ya barabara pana. Unagusa kioo cha simu, anaruka mstari mmoja. Unagusa tena, anaruka mwingine. Kila anaporuka salama, mahindi yako yanaongezeka. Gari likimgonga, yote yanapotea. Unaweza kusimama popote na kuchukua ulichopata. Hakuna zaidi ya hapo. Hata mtoto mdogo angeuelewa, na kwa sababu hiyo sikuuogopa.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi mkubwa, ambaye wadogo zangu huniita Yaya, mdogo wangu wa kiume ambaye ndevu zilikuwa zinaanza kumtoka, na kitinda mimba wetu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Baba alitangulia, mama akamfuata. Niliacha shule nikachukua meza ya mama sokoni, meza ya maharage. Maharage hutoka Moba kwa mama yetu mdogo. Akishapakia magunia kwenye boti, anapiga simu ili nijiandae kwenda kuyapokea bandarini hapa Kalemie.

Anapiga namba ya mama. Baada ya mazishi hatukuibadilisha. Wateja waliijua, ndugu waliijua, nami niliiwekea salio kila mara ili isikatwe. Laini iliandikishwa kwa kadi ya uchaguzi ya mama, na akiba yetu ya pesa ya simu ilikaa humo kwa jina lake. Simu ilikuwa moja. Asubuhi nilikwenda nayo sokoni, jioni ilikuwa ya wote.

Mdogo wangu alikuwa golikipa wa timu ya mtaa. Mchezo ule alipewa na mwenzake uwanjani, simu kwa simu, bila kupitia duka lolote. Siku ya kwanza nilimuuliza kama ni wa makuta, wa kuchezea pesa.

"Yaya, ni kuku tu! Angalia, iko naruka."

Mama jirani, anayekaanga mikate mbele ya nyumba yetu, akacheka. "Wacha mutoto acheze. Wangu mimi anakunywa lutuku mpaka analala kwenye mufereji. Heri kuku. Akishavuka, mumulete huku, mafuta yangu iko moto."

Tukacheka sote.

Siku za mwanzo kuku hakugongwa hata kidogo. Alivuka kama barabara ni yake. Halafu jioni moja mdogo wangu alirudi na sukari na samaki mbichi, akasema mahindi yake yamegeuka pesa, na pesa imeingia kwenye simu kweli. Nilitazama, nikaikuta imeingia. Tulikula wale samaki. Alikula akisimulia jinsi alivyojifunza mwendo wa magari: lipi la haraka, lipi la polepole, wapi pa kusubiri. "Ni macho tu, Yaya. Macho ya golikipa."

Aliyenishtua ni kitinda mimba. Wakati ule alisoma kila kitu: maandishi ya magunia, ya sabuni, ya kuta. Siku hiyo alishika simu akaja nayo jikoni.

"Yaya, kuna mutu anamutafuta mama."

Nilichukua simu. Ujumbe ulianza kwa jina la mama la ubatizo, jina ambalo hapa nyumbani hakuna aliyewahi kulitumia, lililobaki kwenye kadi yake na kwenye msalaba tu. Chini yake: *Hukuja jana. Kuku wako anakungoja. Rudi.*

Nilimwita mdogo wangu. Hakukana.

"Iliuliza kama niko mutu mukubwa. Ikaomba namba yenye pesa. Nikaweka ya mama."

"Na siku ya kuzaliwa?"

"Ya mama pia. Ningeweka ya nani?"

Tangu hapo niliziona jumbe zote. Zilikuja ninapompimia mteja, zilikuja tukiwa mezani. Akikaa bila kucheza, zilizidi utamu: mahindi ya bure, leo tu, kwa ajili yako. Siku ya kuzaliwa kwa mama walimpongeza. Walimtakia maisha marefu. Niliisoma sokoni, mkono mmoja ndani ya gunia, nikahisi kama mtu ameingia nyumbani kwetu na anatembea chumba hadi chumba akiita.

Nilimwambia mdogo wangu aache, akasema ameacha. Halafu mama mdogo akapiga simu kutoka Moba, boti imeondoka. Nilipofika bandarini kulipia mzigo, nilifungua akiba. Haikuwapo. Mwenye boti hakutaka maneno. Magunia yalibaki nje mpaka nilipopata wa kunikopesha, na mvua ikanitangulia. Maharage yakaanza kuota ndani ya magunia.

Sikumpiga mdogo wangu. Jumapili baada ya ibada nilikaa barazani, nikafungua mchezo, nikamwita.

"Nifundishe."

Alidhani namdhihaki. Akakaa kwa mbali, halafu akasogea. Nilicheza kwa mahindi ya bure waliyokuwa wamempa mama. Nilimwambia asitazame kuku, atazame barabara tu, aniambie gari linatokea wapi.

"Ruka. Hakuna kitu. Ruka. Iko wazi, ruka."

Niliruka, na kuku akagongwa.

"Gari imetoka wapi?"

"Imekuja haraka."

"Nimekuuliza imetoka wapi."

Tukarudia. Nilifunika kuku kwa kiganja, tukatazama mistari tu. Magari yaliyopita yalikuwa pambo, yalipita na kuku hakuguswa. Lile lililoua halikuanzia mwisho wa barabara. Mstari ulikuwa mtupu, kidole changu kikagusa, kisha gari likawapo. Lilikuja baada ya kidole. Nikafumba macho nikagusa hovyo, kuku akavuka mbali kuliko yeye alivyowahi kumvusha. Nikafumbua macho nikacheza kwa uangalifu wote, akafa mstari wa kwanza.

"Wewe golikipa," nikamwambia, "mupira unatokaka wapi?"

"Kwenye muguu ya mutu."

"Unaona muguu?"

"Naona. Ndiyo maana nadaka."

"Hapa muguu iko wapi?"

Aliutafuta kwenye kioo. Mama jirani alikuwa ameacha mikate yake akaja kusimama nyuma yetu. Safari hii hakufanya mzaha. Alisema tu, "Kumbe muchezo inajua mbele ya wewe kugusa," akarudi kwenye moto wake.

Mdogo wangu aliufuta mchezo mbele yangu. Nilidhani akishaona ataacha, kwa sababu mimi nilikuwa nimeona na mimi nisingeweza kurudi tena. Lakini kuona kwake hakukuwa kama kwangu. Yeye alikuwa ameshinda mle ndani, na mikono yake ilikuwa bado inakumbuka.

Haukupita muda mrefu, peremende zikaja kwenye simu. Za rangi, unazipanga, zinapasuka. Niliutambua mchezo huo kabla sijaugusa. Ulikuwa unataka namba yenye pesa kabla ya kukufundisha lolote. Ulikuwa unampa ushindi mgeni asiyejua kucheza. Haukuwa na hatua ngumu ya kufikia wala mwisho, ila mlango wa kuweka pesa ulikuwa kila upande. Na jioni hiyohiyo ukaandika: jina la mama, kisha *Karibu tena.*

Tena. Nililirudia neno hilo mara nyingi, maana mchezo ulikuwa mpya.

Nilikwenda kuandikisha laini mpya kwa kadi yangu mwenyewe. Nilimpigia mama mdogo nikampa namba, nikamwambia ile ya zamani asiipige. Akaniuliza kama nina uhakika, maana kila akiipiga huwa bado anangoja kidogo sauti ya mama kabla ya kukumbuka kwamba ni mimi nitakayejibu. Nikasema nina uhakika.

Nilitoa laini ya mama kwenye simu mdogo wangu akiwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimeshaishika kati ya vidole viwili alipoelewa.

"Yaya, usivunje."

"Wanakujua kwa namba hii."

"Usivunje. Ni mama. Yaya, ni mama hiyo!"

Alilia kama alivyolia siku ya mazishi, kwa kifua kizima, mpaka kitinda mimba akaja kumshika shati. Nilitamani kuamini kilio kile. Lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye kile kipande kidogo, na sikuweza kujua anamlilia mama au anaililia njia ya kurudi kule. Nilimngoja aniambie.

Nikaivunja.

Simu sasa ninalala nayo chini ya mto, na neno la siri hakuna anayelijua ila mimi. Najua hiyo haitoshi, wenzake wana simu zao. Mchana akitoka ninasimama mlangoni kumtazama pale njia zinapogawanyika, moja inateremka uwanjani, nyingine inakwenda kwenye ukuta wanapokaa vijana wameinamisha vichwa juu ya simu. Jana aliteremka uwanjani. Leo amefika pale pa kugawanyika, amesimama, na bado hajageukia upande wowote.