Kidevu Kilichosinzia

Phanice Jepkemboi alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi nje kidogo ya Kitale, upande ambao Mlima Elgon huonekana asubuhi kisha ukamezwa na ukungu. Alikuwa fundi wa kuunganisha miche. Alikata kijiti cha parachichi la kisasa, akakipachika kwenye mche wa kienyeji, akafunga kwa utepe wa plastiki. Mikono ikiwa na kazi, utepe aliubana kwa midomo.

Mwezi wa Mei mwaka juzi, utepe ulianza kumponyoka. Halafu asubuhi moja mumewe, Wabwile, akamtazama akinywa chai.

"Mama Nekesa, chai inamwagika."

"Wapi?"

"Hapo kwa kidevu."

Akajigusa. Vidole vilihisi maji, kidevu hakikuhisi chochote. Ilikuwa kama kugusa uso wa mtu mwingine aliyelala.

Kliniki moja ilidhani ni jino, ikaling'oa. Ganzi haikutoka. Kwa wiki nyingi alitembea katikati ya miche akihisi kwamba nusu ya uso wake ilibaki kitandani ikiota, naye hakujua inaota nini. Siku nyingine hata hakuogopa. Ukungu ulishuka, majani yakadondosha maji, akasimama tu.

Mwezi wa Agosti alikwenda Bungoma kwa binti yake, Nekesa. Nekesa alimwona akijiuma mdomo bila kujua, damu ikitoka, akampeleka kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole aliyeitwa Mary Ann. Daktari alimpitishia pamba kidevuni.

"Mama, umewahi kuugua ugonjwa mkubwa?"

"Hapana. Labda ile ya titi. Lakini hiyo ni miaka tisa sasa, na iliisha."

Daktari aliweka pamba chini. "Hukuwaambia walipong'oa jino?"

"Si walikuwa wanaangalia mdomo? Titi iko mbali."

Picha zikapigwa, kipande kidogo cha mfupa wa taya kikapimwa. Majibu yalipotoka, daktari alimshika mkono.

"Kwa hivyo ni saratani ya mdomo?" Phanice aliuliza.

"Hapana, mama. Ni ile ile ya titi. Imehamia kwa taya, na inabana mshipa wa kidevu. Tutakupeleka kwa wale wanaotibu titi."

"Itaisha?"

"Kuisha, sitakudanganya. Kutulia, inaweza. Kuna watu wanaishi nayo miaka."

Alilia siku mbili kwa Nekesa, akililia zaidi ile miaka tisa aliyoimba kanisani kwamba amepona. Siku ya tatu, akiwa amejilaza, maneno ya simu moja yakamrudia: Roselyne wa Lugulu, aliyeugua titi pia na kulazwa naye wodi moja wakati ule, alilalamika mwezi wa Julai kwamba ana kivimbe shingoni, juu ya mfupa wa bega. Akaketi, akampigia.

"Roselyne, ile kitu ya shingo ulionyesha nani?"

"Daktari wa hapa. Si ni baridi tu, bana. Alinipa dawa."

"Ulimwambia kuhusu titi?"

"Hakuniuliza."

"Rudi kesho. Usingoje akuulize."

Roselyne alirudi. Kivimbe kilipimwa, nacho kikaonekana ni saratani ile ile ya titi. Phanice alichomwa mionzi Eldoret siku tano, akaanzishiwa vidonge. Roselyne naye akapewa vyake. Wakakubaliana kuvimeza saa moja jioni, kila mmoja kwake, simu ikiwa sikioni, wakicheka ladha yake.

Taya haimuumi tena. Kidevu bado hakijaamka, naye amekizoea. Mwezi uliopita Roselyne alikuja Kitale na kikapu cha viazi vitamu. Walitandika mkeka kitaluni, wakaongea hadi maneno yakaanza kukatika katikati, jua likiwa laini juu ya majani. Wabwile alipokuja kuwaita waje kula, aliwakuta wote wawili wamelala. Akatoa koti lake, akawafunika miguu, akarudi jikoni kufunika chakula.