Msomi Hatumwi

Niliogopa swali moja tu. Jina, umri, kijiji, hayo ningejibu hata nikiwa na homa. Nililoogopa ni lile la kwa nini unataka kazi hii.

Kazi yenyewe ilikuwa kibarua cha msimu katika shamba la mbegu, chini kidogo ya kwetu Akheri. Pale nyanya hupandwa ndani ya nyumba za nailoni, na vibarua huchavusha maua kwa mkono, ua moja moja. Msimu ukiisha, kibarua nacho kimeisha. Hakuna aliyetarajia nitoe hotuba. Lakini tangazo lililobandikwa dukani lilisema kila mwombaji ataulizwa maswali, na mimi nikisikia nitaulizwa, huanza kujitetea kabla ya swali lenyewe.

Shahada yangu ya utawala ndiyo ilinizidishia hofu. Mtu aliyeishia darasa la saba akiomba kibarua, haulizwi mara mbili. Mimi wangeniona nimefukuzwa mahali, au nina kasoro iliyojificha, au ni mpelelezi wa kodi.

Nikaenda mjini, Sekei, kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, anayefanya kazi katika ofisi ya kupeleka watalii mbugani. Alikaa kwenye kochi, akakunja nne, akajifanya bosi.

"Haya, binti. Kwa nini tukuchukue wewe?"

"Kwa sababu mimi ni mchapakazi."

"Wachapakazi ni wengi. Na usiniangalie kama mtu aliyeiba kuku."

"Nataka uzoefu."

"Uzoefu wa nyanya? Sema umependa kilimo tangu utotoni, unataka kukua pamoja na kampuni. Halafu tabasamu. Aa, siyo hivyo, mdogo wangu. Unatisha."

Nilikariri maneno yake. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeyachambua hadi yamebaki mifupa. Wakiuliza nyanya huchukua muda gani kuiva? Nitakuaje na kampuni ambayo itaniaga mvua zikianza? Nikisema nina shida, wataniona ombaomba. Nikisema sina shida, wataniuliza nimefuata nini.

Sababu nilikuwa nayo. Niliogopa kuitamka.

Kabla sijaenda chuo, nyumbani nilitumwa kutwa. Kata majani ya ng'ombe, teka maji, kimbia dukani ulete chumvi, mpelekee bibi maziwa yake. Jina langu lilitoka jikoni mpaka likanichosha. Nilipohitimu, mama alipeleka mkungu wa ndizi na jogoo kanisani kwa shukrani. Baada ya ibada vikapigwa mnada pale nje, na watu walipandisha bei ya yule jogoo kana kwamba ndiye aliyesoma. Tangu Jumapili ile sikutumwa tena.

Kila asubuhi mama alifungua mlango polepole ili nisiamke. Ndoo ya kukamulia aliiweka chini kama anaweka yai. Siku moja nilishika panga nikakate majani, akaninyang'anya.

"Acha, mwanangu. Mikono hii ni ya kalamu."

"Mama, kalamu yenyewe iko wapi?"

"Itakuja. Nenda kapumzike."

Jirani yetu akadakia kutoka upande wa pili wa migomba: "Msomi hatumwi!" Alisema kwa heshima kabisa. Nikarudi ndani kupumzika kutokana na kazi ambayo sikuwa nimeifanya. Nililala nikisikiliza panga la mama likikata majani. Niliogopa kwamba siku moja watazoea kuishi bila kuniita.

Sasa, mambo kama hayo unamwambiaje mtu aliyekaa nyuma ya meza?

Siku ya usaili mama alininyooshea sketi nyeusi na kuwaambia kina mama wa jumuiya waniombee. Nilikuwa nimemwambia ni usaili. Ofisi aliiongeza mwenyewe, nami sikupata ujasiri wa kuiondoa. Kwa hiyo hata Mungu alikuwa ameshaambiwa ni ofisi.

Shambani nilikuta wanawake kwenye benchi, wamevaa kanga na mabuti ya mpira.

"Shikamooni."

"Marahaba. Umekuja kutukagua?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba kibarua."

"Na sketi hiyo? Si nyanya zitakuamkia!"

Benchi zima likacheka. Nikacheka pia, nikachelewa kuacha.

Ndani alikuwamo msimamizi, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Kichaga, na karani kijana aliyekuwa akiandika. Yule mama alitazama cheti changu kwa muda mrefu.

"Una digrii. Kibarua unakitakia nini?"

"Nimependa kilimo tangu..." Karani akainua macho. Nje pampu ya maji ilikuwa inanguruma, nikaomba moyoni izidishe kelele. Maneno ya Sekei yalikuwa yametoweka yote, hata tabasamu.

"Nataka kutumwa," nikasema.

"Kutumwa wapi?"

"Popote, mama. Nyumbani hawanitumi tena tangu nihitimu. Wananiacha nilale. Nataka mahali ambapo nikichelewa, kuna mtu atanigombeza."

Karani alikohoa ili asicheke. Msimamizi hakucheka. Alinipa kibano kidogo cha chuma na kikonyo chenye maua ya nyanya.

"Hapa utagombezwa mpaka ushibe. Toa hicho kikofia cha njano chenye chavua, kijiti cha ndani usikiguse."

Kibano kikagonga meza, tik tik tik.

"Mikono inatetemeka."

"Hutetemeka nikiangaliwa, mama."

"Basi sikuangalii." Akageukia dirishani.

Ua la kwanza nililivunja. La pili lilivulika kikofia vizuri, kijiti kikabaki kimesimama. Aligeuka, akaliinamia, akalizungusha kwa kidole.

"Mwambie anayefuata aingie," alisema. "Halafu chukua ile ndoo mlangoni, kaijaze."

Sikujua kama nimepata kazi au yeye amehitaji maji tu. Niliogopa kuuliza, nikakimbia. Niliporudi, sketi imelowa mbele, aliongea bila kuniangalia: "Jumatatu, saa kumi na mbili. Na hiyo sketi mwachie mama yako."

Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Ofisi ni nzuri?"

"Siyo ofisi, mama. Ni kibarua cha msimu. Nachavusha nyanya."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Nikawaona akilini kina mama wa jumuiya mmoja mmoja, na yule jogoo.

"Saa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Saa kumi na mbili. Uniamshe."

Akaendelea kuchambua.

Jumatatu niliamka mwenyewe mapema, kwa hofu, nikabaki nimelala macho wazi gizani. Nikasikia mlango ukifunguliwa polepole, kama siku zote. Ndoo ikashushwa kama yai. Kisha hatua zake zikaelekea jikoni. Nikajua ameamua kuniacha nilale.

"Wewe!" Sauti ilitoka jikoni, ile ya zamani, kubwa, isiyojali majirani. "Mpaka jua likuchome? Amka! Na ukipita, mpe bibi yako maziwa!"

Niliruka kutoka kitandani, nikawa natafuta mabuti yangu ya shambani kwa kupapasa.