Saa ya Kompyuta ya Ofisini

Hapa mtaani Majengo, Mpanda, wananijua kama fundi wa kompyuta, na wengi huniletea simu zilizotumbukia chooni. Hasa nilichosomea ni uchunguzi wa kompyuta, yaani kutafuta ndani ya mashine alama za yaliyofanyika, ili mwenye kosa ajulikane na asiye nalo aachwe. Faili lililofutwa mara nyingi bado lipo. Ukichomeka flashi, mashine inakumbuka ni flashi gani na iliingia lini. Naipenda kazi hii, na zamani nilijivuna nayo kupita kiasi.

Mwaka juzi niliitwa na mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Kasekese. Mtihani wa kufunga muhula ulikuwa umevuja. Ulichapwa kwenye kompyuta ya ofisi, na aliyeshukiwa ni katibu muhtasi, mama mwenye mtoto mchanga. Ikithibitika, kazi hana.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Sikuiwasha mashine, maana kuiwasha tu kunavuruga alama. Nilichomoa diski, nikaenda nayo Mpanda, nikainakili yote na kuchunguza nakala, ile ya asili isiguswe. Jibu lilikuja upesi: mtihani ulinakiliwa kwenye flashi Jumanne, 03:20. Saa tisa na dakika ishirini usiku, basi. Na usiku ufunguo wa ofisi hukaa kwa yule mama, kwa kuwa anaishi palepale shuleni.

Mkuu aliisoma ripoti yangu mbele ya yule mama na walimu wawili. Mama alisema usiku huo alikuwa amelala na mwanawe. Mkuu akaniuliza kama nina uhakika.

"Mkuu, kompyuta haina sababu ya kudanganya," nikajibu. Mpaka leo nikikumbuka sauti niliyoitumia, najichukia.

Basi akaniomba nirudishe diski, ili barua ya kumsimamisha kazi ichapwe. Aliyejua kuchapa vizuri pale ni yule mama mwenyewe, kwa hiyo akavuta kiti. Nikafunga diski, nikawasha. Pembeni mwa kioo pakatokea 04:30. Simu yangu ilionyesha 10:30, na nje jua lilikuwa limeshapanda.

Nikauliza nani aliiweka ile saa.

"Mimi," akasema mama. "Walimu walikuwa wanasumbuka. Saa nne, yenyewe inaandika kumi. Muhula ulipoanza nikaiweka ya Kiswahili."

Mtandao wa kuirekebisha haukuwepo, ikabaki hivyo. Kumbe 03:20 ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ofisi iko wazi kwa kila mwalimu. Asubuhi ile mama alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na ruhusa alipewa na mkuu huyohuyo. Saa ya mashine husomeka hata diski ikiwa imechomolewa, na ni kitu cha kwanza kukagua. Nilikimbilia diski, mashine nikaiacha mezani.

Aibu ilinishika. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kaka, nyie mmehangaika na kompyuta siku zote hizi. Mimi hamjaniuliza kitu."

Mkuu alitazama dirishani. Barua ile haikuchapwa. Nilimwomba mama anichapie ripoti mpya, nikaanza kumsomea: mchunguzi hakukagua saa ya mashine. Akachapa, akasimamisha vidole, akauliza kama aongeze kwamba yeye pia hakuulizwa.

Nikamwambia aongeze.