Panya wa Saa Kumi

Pesa zilipoingia kwetu Buruburu, ziliingia kwanza kama mapazia. Vita vya nchi jirani vilikuwa vimewaleta mtaani Eastleigh wafanyabiashara waliojua kuuza kila kitu, na mambo yalipotulia, mizigo ikaanza kufika kwa wingi, mama zetu wakagundua kwamba dirisha moja linaweza kuvaa nguo tatu kwa wakati mmoja. Jumamosi walizipanda ghorofa za maduka mapya kama watu waendao harusini, wakarudi na mazulia mabegani. Baada ya mapazia vikaja vigae. Baada ya vigae zikaja dari za jipsamu zenye taa zilizojificha. Kisha watu wa korti yetu, yaani zile nyumba chache zinazotazamana, wakaanza kung'oa ua wa miiba ya kayaba na kuongeza vyumba vya mbele. Simcheki mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa mbele ya msafara.

Nilikuwa nimepata kazi nzuri ya kuuza mitambo ya simu kwa ofisi mpya zilizokuwa zikifunguliwa kila kukicha, na nilitaka ijulikane. Mama alikuwa mjane, mpiga chapa mstaafu wa serikali, na bado alipikia katika jiko la nyuma ambalo mkiingia wawili, mmoja hana budi kutoka ndipo mlango wa kabati ufunguke. Nikamwambia nitamjengea jiko la kisasa. Alikataa mara mbili, kama inavyompasa mama, halafu akaniuliza kama litakuwa na dirisha la kutazama barabara.

Kitu ambacho sikukifikiria ni ukuta.

Jiko la zamani lilikuwa na ukuta mmoja na jiko la jirani, mwanamke wa Pwani aliyehamia pale mwezi mmoja na sisi, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama ni mtu wa Murang'a, hakosi kanisani Jumapili. Mwenzake anaswali swala tano. Walikuwa wameuguziana watoto na kuzikiana waume. Na kila siku saa kumi alasiri, mmoja wao aligonga ukuta kwa mwiko mara mbili: chai imeiva. Mwenzake alijibu kwa kugonga mara moja: nakuja. Ikija mara tatu, maana yake njoo na sukari. Mambo yalikwenda kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na hakuna aliyewahi kwenda bila kugongewa, kwani kwenda hivyo, Mama alisema, ni kuombaomba chai. Tangu Baba afariki, hiyo ndiyo iliyokuwa saa pekee ya siku ambayo Mama alicheka kwa sauti.

Mafundi walipoingia, Mama alikuja kukaa kwangu miezi miwili. Alasiri ya kuamkia safari alikuwa ndiye aliyegonga, kwa hiyo zamu iliyofuata ilikuwa ya jirani. Tulimrudisha kupitia geti jipya lenye kengele hadi kwenye jiko linalong'aa hata unaogopa kukaanga kitunguu. Jiko la nyuma nililigeuza chumba cha kulia, na ule ukuta wote nikaufunika kwa kabati la vioo lililofungwa kwa skrubu na kuwekewa ubao mzito nyuma yake, likajaa glasi za wageni. Wageni gani, sijui hadi leo. Mama alikula mbele, penye dirisha lake na redio yake.

Wiki ya kwanza saa kumi ilifika ikapita. "Atakuwa amesafiri," Mama alisema. Wiki ya pili wakakutana kwenye korti. Jirani akamwambia, "Hongera kwa jumba," Mama akajibu, "Asante," basi, kila mtu akashika njia yake.

"Jumba!" Mama alinipigia simu akifoka. "Miaka yote hii, leo nina jumba! Zamu ni yake na anajua."

"Ni wivu tu, Mama," nikasema. "Watu hawapendi kuona mwenzao akisonga mbele." Maneno hayo nilikuwa nimeyaokota kazini, na nilipendezwa na jinsi yalivyosikika. Nikikumbuka sasa natamani kujizaba kofi.

Halafu wakaja panya. Mama aliniambia wako nyuma ya kabati jipya, wanatikisa glasi. Nikamtuma fundi aliyelitengeneza. Alipiga magoti, akamulika kwa simu, akagonga mbao huku na huku.

"Mathe, hapa hakuna panya," akasema. "Hii kabati imekaa fiti kabisa. Hata mende hawezi ingia."

"Basi nani hutikisa glasi kila saa kumi?"

"Saa kumi kamili?"

"Kamili. Hata sisi serikalini hatukuwahi kufika kazini kwa saa namna hiyo."

Fundi alicheka, lakini aliondoka bila kula chakula alichowekewa. Mama akanunua mitego. Akaazima paka, ambaye alilala juu ya zulia jipya mwezi mzima akasahau alichoitiwa. Kila nilipopiga simu tulizungumza habari za panya, na sauti yake ilizidi kupungua. Sikuuliza anakunywa chai na nani. Nilijua jibu, nami sikutaka kulisikia.

Ulikaribia kutimia mwaka nilipochukua likizo nikamtembelea siku ya Jumatano. Nilikaa chumba cha kulia na kompyuta yangu, pengine mtu wa kwanza kukitumia chumba kile. Mama alikuwa mlangoni, ameshika mtego mkubwa wa mbao, akipanga atautega wapi. Glasi zikalia. Mara mbili, kisha kimya.

Nilitazamana na Mama. Nikasogeza sikio kwenye kioo cha kabati. Baada ya muda zikalia tena mara mbili, taratibu, na safari hii nikasikia nyuma ya ubao mlio niliokua nao. Mwiko.

"Mama," nikasema, "huyo si panya."

Alilifungua kabati, akaziondoa glasi za wageni kwa mkono mmoja kama mtu afagiaye makombo, mbili zikavunjika sakafuni na hakuzitazama. Akaupiga ule ubao kwa mtego. Mara moja.

Upande wa pili palikuwa kimya. Kimya kirefu, mpaka nikaanza kuona haya kwa kila kigae nilichonunua. Kisha ukuta ukajibu: moja, mbili, tatu.

Mama alicheka, akalia, akacheka tena. Alichukua mkebe wa sukari akatoka na kandambili zake, nami nikimfuata nyuma. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, mwiko bado mkononi.

"Kila siku ulikuwa unagonga?" Mama akamuuliza.

"Si zamu ilikuwa yangu? Ningeiachaje njiani?"

"Mbona hukuja mlangoni?"

"Geti lenu lina kengele siku hizi. Mimi sijawahi kumbonyezea jirani kengele." Akaupokea mkebe, akautazama kana kwamba ndani yake mna kitu kingine. "Nilidhani umehama, dadangu. Nilidhani umehama ukiwa humo humo."

Wakaingia. Mimi nilirudi kuokota vioo, na kabla sijamaliza nilikuwa nimemwita fundi aje na bisibisi yake aling'oe lile kabati ukutani.