Mkono Alioutoa Mwenyewe

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko asubuhi zote za ujana wangu, na haikuwa ya sherehe wala ya msiba. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda mbele ya baba yangu, bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi, magotini, namlisha kijiko kwa kijiko, na kila baada ya vijiko viwili namfuta kidevu kwa kitambaa safi. Migomba ya kihamba chetu, shamba la nyumbani kule Kilema, ilikuwa bado ina umande, ng'ombe ameshakamuliwa, uani kumefagiliwa. Nilijiona binti mwema kuliko wote kuanzia msituni hadi Himo.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo. Baba alipata kiharusi tulipoanza kuchuma kahawa. Mkono wake wa kulia ukalala, mguu ukawa unaburuta, na maneno yakawa yanatoka mazito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Mama alikuwa ameshafariki, na ndugu zangu walikuwa Dar es Salaam na Arusha wakitafuta maisha. Nikaiacha cherehani yangu mjini Moshi nikarudi nyumbani kumtunza. Siku anatoka hospitali, kijana mmoja mpole aliyehusika na mazoezi ya viungo alituketisha akatueleza mambo. Alisema kipande cha ubongo wa baba kimekufa na hakitafufuka. Lakini ubongo si jiwe, akasema; vipande jirani vinaweza kujifunza kazi ya kile kilichokufa, ila havijifunzi kwa kuambiwa, vinajifunza kwa kutenda. Vidole vya baba vilikuwa bado vinacheza kidogo. "Kwa hiyo mkono mzima uupumzishe, mzee," akasema, "huu mgonjwa ndio ufanye kazi." Tuliitikia kwa vichwa, tukamshukuru, tukapanda gari. Nilisikia kila neno na sikushika hata moja.

Maana mwanangu, hebu fikiri. Kwetu mkono wa kulia ndio mtu mwenyewe. Ndio unaosalimia, ndio unaopokea, ndio unaotoa. Ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemdharau. Baba alikuwa mtoto wa kwanza kwao, mtu aliyegawa zamu za maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka msituni na kunywesha vihamba vyote vya upande wetu. Watu walimheshimu. Sasa alikuwa hataki hata kwenda kanisani, kwa sababu baada ya ibada watu hupeana mikono. Akisikia mgeni anabisha hodi, anauficha mkono chini ya blanketi.

Na kilichomtesa kuliko yote ni Krismasi. Kila Desemba ukoo wetu hurudi mlimani, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishaiva, mkubwa wa ukoo ndiye anayepokea kata ya kwanza, kile kibuyu cha kunywea. Anaonja, kisha anampa mdogo wake anayemfuata, kwa mkono wa kulia. Baba mdogo alikuwa ameshasema kwamba mwaka huo kata angeishika yeye. Alisema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini niliuona uso wa baba aliposikia. Ulikuwa uso wa mtu anayesomewa wasifu wake wa mazishi akiwa hai.

Mimi nikamwonea huruma, na huruma yangu ikaizidi akili. Akiunyoosha mkono mgonjwa kukitafuta kikombe, nishakileta mdomoni. Akihangaika na kifungo, nishakifunga. Alipojaribu kula kwa kushoto nilimnyang'anya kijiko, nikaona ni aibu mzee kula hivyo, nikaanza kumlisha mwenyewe. Majirani wakipita wanasema, "Mzee huyu amebarikiwa binti." Nisikufiche, sifa zile zilikuwa tamu, nami nilizila kila siku.

Basi asubuhi hiyo ya mtori akaingia Shangazi Manka, dada yake baba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini shangazi yangu alikuwa mgeni wa kumwumiza mwenyeji kwanza.

"Shikamoo, shangazi," nikamwamkia.

Hakuitikia. Akalitazama bakuli, akakitazama kijiko, akanitazama mimi.

"Kaka yangu ameota meno lini?"

Nikacheka nikidhani ni utani wake wa kawaida.

"Nakuuliza wewe! Mbona unamlisha kama mtoto aliyezaliwa juzi?"

Nikamweleza kwamba mtoto mwenye adabu hamwachi mzazi wake ahangaike huku yeye anatazama. Nikaongeza na lile la watu watasema nini.

"Watu! Watu watakuja kwenye msiba, watakula, watanawa, watakwenda kwao. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe unamchelea baba. Mkono huu kiharusi kiliulaza tu, binti. Anayeuua ni wewe."

Neno hilo liliniuma. Hata leo naona alitia chumvi, maana kiharusi nacho kilikuwa kimefanya kazi yake. Nikaliweka bakuli chini. Shangazi akanigeuzia mgongo, akaketi mbele ya baba.

"Kaka. Mwaka ule maporomoko yaliposomba mfongo, mlikaa chini mkayalilia maji?"

Baba akageuza uso ukutani.

"Mlichimba njia nyingine, mkazunguka jabali. Na wewe ndiye uliyetangulia na jembe."

"Niache, Manka," baba akasema kwa ulimi wake mzito. "Ni mpango wa Mungu."

"Kiharusi, sawa, sibishani na Mungu. Na kulishwa mtori nako kapanga Yeye?"

Ningecheka kama nisingekuwa nalia. Shangazi akauchana upindo wa khanga yake kuukuu, ukawa utepe mrefu. Akaushika mkono wa kushoto wa baba, ule mzima, ili aufunge kwenye kiti, kazi ibaki kwa ule mgonjwa. Baba akaupokonya kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nikajua sasa shangazi atalazimisha, maana namjua. Ajabu ni kwamba aliuachia palepale.

"Sikufungi kwa nguvu, kaka. Nikikufunga mimi, ni jela. Ukinipa mwenyewe, ni dawa."

Akautundika ule utepe kwenye kiti cha baba. Kisha akanigeukia, akanionya nisikiguse kijiko cha baba tena, na utepe ule nisimfunge nao mpaka aombe. Halafu akaenda zizini kumwangalia ng'ombe na kutoa kasoro za majani niliyomkatia.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Baba alikula kwa kushoto, ameuelekea ukuta, nami nikikata majani ya ng'ombe nilikuwa nalia kama mfiwa. Nilimwona shangazi ni mkatili. Unaelewa, mwanangu, baba hakuwa anashindwa kula. Kushoto kulimtosha kabisa kwa kula na kuishi, na hapo ndipo penye mtego. Angeweza kuishi hivyo miaka mingi, na mkono wa kulia ungelala chini ya blanketi mpaka usahau kwamba uliwahi kuwa mkono.

Kisha siku moja baba mdogo akapanda kuja kumjulia hali. Kabla ya kuondoka akauliza iko wapi ile kata ya ukoo, aende nayo kwake akaisafishe mapema, Krismasi inakaribia.

"Itabaki hapa," baba akasema.

Baba mdogo akaaga, akateremka zake. Mimi nilikuwa naosha vyombo uani. Nikasikia naitwa. Nilipoingia nilimkuta baba ameunyoosha mkono wake wa kushoto juu ya kiti, kiganja kikitazama juu, na utepe wa khanga ameshauweka mapajani.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Fundo likawa legelege, la mtu anayeogopa kuumiza.

"Kaza."

Nikakaza. Mwanangu, nimeona watu wakifanya mambo makubwa, nimeona wapagazi wakishuka na mtu mgongoni kutoka juu mlimani, lakini jambo lile la kutoa mkono ulio mzima ili ufungwe sijaona mfano wake. Chakula cha siku hiyo kilimalizika jua limeshapanda. Nusu walikula kuku. Kijiko kilianguka, nikakiokota, kikaanguka tena. Baba alilia kwa hasira, mimi nikalia kwa huruma, nikaikalia mikono yangu yote miwili isije ikakimbilia kumsaidia.

Usidhani kuanzia hapo ilikuwa mteremko. Kesho yake aliutoa mkono tena, na keshokutwa pia, kisha ikaja asubuhi akasema, "Leo sitaki," na sikumfunga. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa shangazi. Nilidhani mtu akishaamua ameamua, kama kubatizwa. Kumbe baba alikuwa akiamua upya kila kukicha, na asubuhi nyingine anashindwa, na inayofuata anaunyoosha mkono. Alipukuchua mahindi, punje kwa punje. Aliokota kahawa mbivu akitia kwenye kopo, na kopo likipinduka anatukana kwa Kichagga, maneno ambayo sitakutajia. Haba na haba, vidole vikaanza kukumbuka. Au tuseme vile vipande jirani vya ubongo vikaanza kujifunza, maana yule kijana wa hospitali alipomwona tena alifurahi akasema ndivyo ilivyo: kila mtu anaporudia tendo, njia huko ndani inachimbika zaidi. Baba aliposikia njia na kuchimba alielewa vizuri kuliko mimi. Alinitazama, akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Krismasi ikafika. Nyumba ikajaa, watoto wa mjini wakapiga kelele migombani. Mbege ikaletwa, kata ikajazwa, na baba mdogo, kwa wema wake, akanyoosha mkono kuipokea kwa niaba ya kaka yake.

"Acha," baba akasema.

Akaipokea kwa mkono wa kulia. Kata ilitikisika, mbege ikamwagikia shati lake jeupe la sikukuu hadi tumboni, na hakuna aliyethubutu kumsaidia, maana Shangazi Manka alikuwa amesimama pale na macho yake. Baba akaonja. Kisha akampa mdogo wake, kwa mkono uleule, na baba mdogo akaipokea kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa.

"Aika, mbe," akasema. Asante, mkubwa.

Mkono ule haukurudi kuwa wa zamani, nisikudanganye. Vifungo vilimshinda hadi mwisho wa maisha yake, na mguu uliendelea kuburuta. Nilimfahamu pia mzee mwingine, jirani yetu wa chini, aliyefanya mazoezi kwa bidii kama ya baba na mkono wake haukuamka. Kwa hiyo usije hata siku moja ukamwambia mgonjwa kwamba hakutaka vya kutosha. Huo ni ukatili, na ni uongo. Nia haiamuru mwili kama mwenye nyumba anavyomwamuru mbwa. Nia hutoa mkono tu, ikasubiri.

Lakini wewe, mwanangu, mzima wa afya, nakusikia ukisema, "Mimi ndivyo nilivyo." Una hasira, unasema ni damu ya ukoo. Unaahirisha kila kitu, unasema ndivyo ulivyozaliwa. Simu haikuachii mkono mchana kutwa, unasema umeshazoea. Utaniambia tabia ni ngozi, na samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hizo nazijua tangu kabla hujazaliwa. Ya samaki wahenga walituachia tuwalee watoto mapema, hawakutuachia ili mtu mzima ajizike nayo. Kama ubongo wa mzee wa makamo yale, wenye jeraha ndani yake, ulijifunza upya kushika kata, wako una kisingizio gani? Hukuchagua ukoo, hukuchagua damu, na mengi yatakuangukia bila kukuuliza. Ila kila unachokirudia leo kinakutengeneza utakavyokuwa kesho, na hapo pana nafasi yako. Ni ndogo, sikatai. Ni nafasi ya kuutoa mkono mmoja.

Nalo hili la pili usilisahau. Ukimpenda mtu, usimwamulie. Usimlishe anayeweza kushika kijiko, wala usimfunge asiyeutoa mkono. Kaa karibu, umwokotee kikianguka, na uvumilie kumwona akihangaika. Ni upendo unaouma kuliko ule wa kusifiwa na majirani, nami nilichelewa kuujua.

Mungu akupe mkono wa kutoa, mwanangu, na mtu wa kukaa karibu nawe unapoutoa. Na siku utakayosema hutaki, Mungu asikuhesabie. Akupe asubuhi nyingine.