Kioo cha Mama Vumilia

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali ya Walikale, daktari mkuu hata hakunisalimu vizuri. Alinionyesha kichupa cha rangi ya machungwa, akasema: "Hii rangi haingojake mutu. Ukiona, chora. Kiisha zima taa."

Ninyi vijana mna mashine. Sisi tulikuwa na akridini. Rangi hiyo hushika ADN, ile mali ya urithi iliyo ndani ya kiini cha seli. Chini ya taa kali ya darubini, kiini huwaka kijani. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, huenda ni saratani. Lakini taa ile ile huififisha rangi. Ukitazama sana unabaki na giza, ndiyo maana tulichora kwa penseli kwanza.

Miaka ya sitini haijaisha nikahamishiwa Masisi, chini ya daktari wa wanawake, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja aliniletea kioo kimoja cha darubini chenye seli za kizazi cha Mama Vumilia, mkulima wa maharage kutoka Mushaki. Jibu likiwa baya, angepanda lori la siku hiyo kwenda kupasuliwa Bukavu.

Niliona viini vikubwa, vinawaka vibaya. Kabla sijashika penseli, wakaingia watoto na shemeji za yule mama, watu saba.

"Papa, tuonyeshe na siye ile kintu inamusumbua mama," akasema mwanawe wa kwanza.

Kwetu mgonjwa ni wa ukoo mzima. Niliona haya kuwafukuza. Tena, niseme kweli, nilijivuna. Wakainama mmoja mmoja, wakashangaa, wakarudia.

Daktari alipokuja, kioo kilikuwa giza tupu.

"Ulichora?"

"Hapana, Docteur."

"Uliona nini?"

Niliogopa kufukuzwa kazi. "Sikuona kintu mubaya, Docteur."

Lori likaondoka bila Mama Vumilia. Alirudi Mushaki, kisha vita vikafunga barabara miezi mingi.

Sasa nimestaafu. Nimechora viini hadi vidole vikakakamaa, na mchoro ninaoukumbuka ni ule nisiouchora.

Barabara ilipofunguliwa, mwanawe alikuja peke yake na kikapu cha maharage.

"Mama alishakufa," akasema. "Alituambia tukushukuru, Papa. Weye njo mutu ulikubali tuone ugonjwa yake."

Nilikipokea kile kikapu kwa mikono miwili, nikasema asante.