Meno ya Mdogo Wangu Deo

Harufu ya mpunga uliolowa mvua ilikuwa imejaa nyumba yetu ya Katindiuka masika yale mdogo wangu Deo alipougua. Alikuwa bado hajasimama dede. Mama alipokwenda shamba, mimi ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo joto lake lilipozidi nililijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikataa kunyonya. Mate yalimtiririka hadi kifuani, na kilio chake kikawa cha kukwaruza. Mama alipomfungua kinywa tuliona ufizi umevimba, mwekundu, na kule ndani koo nalo limevimba, lina utando mweupe.

Majirani walikuja kutupa pole. Mama Fausta, wa nyumba ya pili, alisema hayo ni meno ya plastiki, meno mabaya yanayoota ndani ya ufizi wa mtoto, yasipotolewa yanaua, na kwamba anamjua bibi anayeyatoa. Baba alikuwa msibani Mahenge, na maji yalikuwa yamekata barabara ya kurudi. Mama aliogopa kumpeleka kwa bibi huyo, akaogopa kutompeleka. Mfa maji hukamata maji. Asubuhi alimfunga Deo kwa kitenge, nami nikawafuata.

Bibi yule aliuchokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli, kisha akatuonyesha vijipande vyeupe kiganjani. "Haya ndiyo yaliyokuwa yanamtesa," alisema. Mama alimshukuru. Deo alinyamaza, tukadhani amepata nafuu. Jioni joto likapanda tena, shingo ikavimba, pumzi zikawa za kukoroma. Usiku huo tulimkimbiza hospitalini, na daktari alitueleza taratibu kwamba vile vyeupe vilikuwa meno yake halisi, ambayo hayajachomoza, na kwamba ugonjwa ulikuwa kooni. Dawa ilikuwepo, lakini sumu ya ugonjwa huo ilikwisha kuingia kwenye damu. Kesho yake, kabla jua halijazama, Deo alifia mikononi mwa Mama. Baba aliporudi hakumlaumu. Aliketi naye mkekani mpaka watu wakaondoka.

Siku hizi zahanati iko karibu, na wauguzi huwaambia akina mama waziwazi kwamba meno ya plastiki hayapo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Mama yalikuja na mjukuu kweli. Mwaka jana mwanangu mdogo alivimba ufizi na koo kwa pamoja. Alipewa dawa ya kunywa pale zahanati, na wiki haikuisha akawa anakula wali. Mama alimtazama akitafuna, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe ilikuwa dawa ya kunywa tu?"

Nilimshika mkono. Kisha nikampakata mwanangu mapajani pake.